Moshi wa Hawe Kahonzi

Kikohozi ndicho kilichotangulia kusikika. Kilitoka ndani ya ukungu, upande wa njia inayoshuka kutoka vichakani, kikavu na chembamba, kikakatika, kikaanza tena, na watu waliojikunyata ndani ya kibanda cha Kache wakashusha vikombe vyao wakasikiliza. Hakikuwa kikohozi cha mtu mzima. Mtu mzima hukohoa akamaliza. Hiki kilikwaruza kama ukoko unaobanduliwa sufuriani, na kila kilipotua ilifuata pumzi yenye mluzi.

"Huyo ni Kadzo," Kache alisema bila kuinua macho kwenye karai la mahamri. "Kadzo wa Mapenzi. Tangu juma lililopita yu vivyo hivyo."

Ndipo Mapenzi akatokea ukunguni, mrefu, vidole vyeusi kwa makaa, amevaa koti kubwa la mtumba lililoshonewa watu wa nchi za theluji. Kichwa cha bintiye kilichomoza kwenye kola, kimefungwa leso. Akaketi ukingoni mwa benchi, akasema anangoja pikipiki imfikishe zahanati, na Kache akamsogezea kikombe kabla hajaagiza.

Ulikuwa mwezi wa saba, na kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kimeingia Mirihini kama mtu aliyekuja kulipiza kisasi. Masika yalipita bila kulowesha vumbi. Mahindi yaliota kimo cha goti, yakakauka yamesimama. Watu walipokuwa bado wanatazama juu, badala ya mvua ikashuka baridi. Upepo wa kusi ulipanda kutoka Malindi, ukapita juu ya mashamba matupu, ukaingia majumbani kwa kila ufa wa udongo. Vifaranga vilikufa. Wana wa mbuzi walikufa. Wanaume waliolala kifua wazi maisha yao yote sasa waligombania masweta ya mitumba.

Nyale alikuwa ameketi kule mwisho wa benchi, miguu ameinyoosha kama mwenye kibanda. Alirudi Mirihini kutoka Kilifi na cheti cha chuo, hakupata kazi, akafungua meza ya kutengeneza simu mbele ya duka la Phineas la mbegu na dawa za mifugo. Meza haikumpa sifa aliyoitaka. Sifa aliipata hapa, kwa Kache, asubuhi, kwa maneno. Tangu arudi hakuna aliyemshinda kwa hoja, na hilo alilihesabu kuwa ndiyo kazi yake hasa.

"Nyale," Mapenzi alisema, "si wewe uliyetwambia dunia inachemka?"

"Nilisema inapata joto."

"Basi nionyeshe hilo joto liko wapi, nimpake mtoto kifuani."

Kibanda kizima kilicheka. Hata Kache alicheka, akafuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Na hii mnaiita baridi," Phineas alisema. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, amekaa Mirihini miaka mingi lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea kwa viatu vizito. "Kwetu Kinangop hii ni hali ya kuogea nje."

"Wewe ndiwe uliyeileta," Kache alimwambia. "Umeificha kwenye gunia la viazi."

Nyale alingoja kicheko kipungue. Alijua kungoja. "Baridi ya majuma mawili si hoja," alisema. "Mtu mwenye homa kali hufanya nini? Hutetemeka. Hujifunika blanketi juu ya blanketi, meno yanagongana, na ukimgusa ngozi inawaka. Utasema hana joto kwa sababu anatetemeka? Dunia ina homa, kaka Mapenzi. Huku ni kutetemeka tu."

"Hapo amesema," mtu mmoja alikubali.

"Hajasema kitu," Phineas akajibu, na sasa alikuwa ameweka kikombe chini. "Mbingu inafanya vile inataka tangu Nuhu. Kulikuwa na mafuriko wakati hakuna gari hata moja. Mvua iko na mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu. Binadamu ni nani aharibu mbingu? Wewe Nyale simu yangu tu imekushinda, mbingu utaiweza?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na mtu akapiga meza. Nyale alihisi masikio yake yakipata moto. Simu ile ilikuwa imekufa bodi, haikuwa kosa lake, na alikuwa amemweleza Phineas hivyo. Lakini aibu haingoji maelezo. Akasimama.

"Msimsingizie Mungu," alisema. Hakupaza sauti, aliipunguza, ili watu wainame kumsikiliza. "Mungu ana ugomvi gani na Mirihini? Masika yametupita, baridi imetushukia, watoto wanakohoa, na ninyi mmekaa mnasema ni Mungu kwa kuwa Mungu hawezi kuja hapa kujitetea. Hii ni kazi ya mikono ya watu. Ni moshi. Mwauona unapanda, mwadhani unapotea. Haupotei. Uko kule juu, umetanda juu yetu, na majira yanakuja yanakuta njia imezibwa. Mvua inapotea. Upepo unapotea. Mtu anawasha moto wake hapa chini kwa faida yake, hazimi usiku hazimi mchana, na anayeumia ni mtoto wa mwenziwe."

Alisema hayo akitazama nje, upande wa vichaka, ambako siku njema ungeona tanuri za makaa za Mapenzi zikifuka chini ya udongo, pale ilipokuwa miti ya mirihi iliyokipa kijiji jina lake. Hakumtaja mtu. Aliona hakuna haja. Kila mmoja pale alijua tanuri zile ni za nani. Kadzo akakohoa ndani ya koti, na Nyale, Mungu amsamehe, aliona kikohozi kile kimekuja mahali pake barabara, akakiacha kimalizie hoja.

Hakuna aliyecheka. Mapenzi alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Kwa hiyo ni mtu," alisema hatimaye.

"Ni watu. Naam."

"Si Mungu."

"Si Mungu."

"Mtu anawasha moto hauzimi, na mvua inafungika, na mtoto wangu anaumwa."

"Ndivyo ilivyo, kaka. Si mimi niliyesema. Wataalamu wa dunia nzima wanasema."

"Na moto usipozimwa?"

"Usipozimwa tutakwisha," Nyale alisema, akaketi.

Pikipiki ikaja. Mapenzi akapanda na bintiye, akaingia ukunguni, na kikohozi kikasikika muda kidogo baada ya wao kutoonekana. Phineas alitikisa kichwa, akasema kijana huyu angekuwa mhubiri angejaza kanisa. Ilikuwa njia yake ya kukubali kushindwa. Nyale alikwenda mezani kwake kifua kimejaa, na siku nzima mikono yake ilikuwa myepesi.

Jioni alimkuta hawe wake, bibi mzaa baba, jikoni. Hawe Kahonzi ndiye aliyemlea. Baba yake Nyale alifariki mapema, na mama yake, Kahaso, alihamia Muyeye, pembeni mwa Malindi, kufanya kazi za nyumbani mwa watu. Bibi na mjukuu walibaki katika boma lile pamoja na Masha, baba mdogo wa Nyale, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ua.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Funga mlango, umeniletea upepo."

Aliketi karibu na moto hata kanga yake ikanuka kuungua. Juu ya meko, kwenye lutsaga, ile dari ya fito ambamo wazee walihifadhi nafaka, yalining'inia mahindi yake ya mbegu, masuke machache aliyoyaokoa mwaka wa nyuma. Moshi uliyapitia, ukayaweka meusi na makavu, ukawafukuza dumuzi, kisha ukatoka kwenye makuti ya paa kwa kila upande, kama chungu kilichofunikwa vibaya. Majirani walikuwa wamemaliza kuni. Walipika mara moja wakazima. Hawe Kahonzi alikuwa na mkorosho mzima ulioangushwa na upepo uani kwake, na mifupa yake haikuvumilia baridi, na mbegu zile hakuwa na nyingine. Kwa hiyo moto wake haukuzimika.

"Leo niliwafunga midomo," Nyale alimwambia, akifuta machozi ya moshi. "Phineas, Mapenzi, wote."

"Umewafunga midomo. Wamekupa nini?"

"Heshima, hawe."

"Iweke sufuriani basi, tuone itaiva lini."

Nyale alicheka. Akakaa naye, akakohoa kwa moshi, akaota vidole vyake, na wala halikumjia wazo lolote juu ya moto ule.

* * *

Kadzo alipewa dawa zahanati, na Mapenzi akaambiwa asipopata nafuu ampeleke Malindi. Hakupata nafuu. Walimpeleka Malindi alfajiri moja yenye upepo, na alikuwa bado anapumua walipofika barabara ya lami, na hakuwa akipumua tena walipofika mjini.

Walimzika siku hiyo hiyo. Udongo ulikuwa mgumu kwa ukame, jembe likilia kila lilipopiga, na upepo ukapeperusha vumbi la kaburi machoni mwa wachimbaji. Nyale alichimba na wenziwe. Alipokuja matangani baadaye, akaketi kwenye mkeka wa wanaume, mazungumzo yalikatika. Alidhani ni huzuni. Akamshika Mapenzi mkono, akasema maneno yasemwayo. Mapenzi aliuacha mkono wake ushikwe, lakini hakuufumba.

"Nimefikiri sana ulivyotwambia," alisema.

"Kaka, siku hii si ya mambo hayo."

"Ni siku yake hasa."

Nyale alipoondoka, Kache alimfuata hadi njiani, mikono yake ingali na unga. Hakumwangalia usoni.

"Nyale, mwambie hawe wako azime moto."

"Kwa nini?"

"Mwambie azime tu. Apike usiku. Watu wanatazama moshi."

"Moshi gani?"

Ndipo Kache akamwangalia, akamkazia macho. "Moshi uliotwambia wewe. Moto usiozimwa usiku wala mchana. Mirihini nzima ni wa nani, kama si wake? Ameketi mle ndani peke yake tangu masika yakatike, kichwa cheupe pee, na paa lafuka. Watu walikuwa wanajiuliza, Nyale. Wewe ukaja ukawajibu."

Nyale alisimama pale njiani. Kitu cha kwanza alichohisi, na hakuwahi kumwambia mtu, kilikuwa hasira: hasira kwamba hawakuelewa. Yeye alikuwa amekusudia tanuri, magari, viwanda, miji isiyolala ya nchi za mbali. Alikuwa amesema kweli. Kisha hasira ikapita, na nyuma yake palikuwa na kitu kingine, kipana, kisicho na mwisho, na akaanza kukimbia.

Hawe Kahonzi hakuhitaji maelezo mengi. Alisikiliza hadi kwenye neno moshi, akainua kiganja, kama asemaye inatosha. Kisha akaketi chini kabisa, kwenye udongo, ingawa kigoda kilikuwepo.

"Basi wamenichagua mimi," alisema.

"Hakuna aliyechagua mtu, hawe. Nitawaeleza."

"Nilikwisha kumwambia mama yako aniletee piko nipake nywele. Wenzangu wote wanapaka, wasije wakaitwa wachawi. Kahindi wa kule mtoni anapaka, na ana miaka kunishinda. Nikaona haya. Nikasema, mimi mvi zangu nimezipata kihalali, nizifiche kwa nini." Alizigusa. "Nani aliyewaambia habari za moshi?"

Nyale aliinamisha kichwa. Bibi alimtazama muda mrefu, mwanga wa moto ukicheza usoni mwake, na Nyale akaona kwamba amekwisha kumjibu.

"Ulikuwa unashinda," bibi alisema. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomuua Nyale. "Haya. Toa hizo kuni."

Walizima moto. Lakini asubuhi baridi ilimshika bibi hata vidole vikawa haviwezi kukunjuka, midomo ikawa ya kijivu, na zilipofika saa za jua kupanda Nyale mwenyewe aliuwasha tena. Alikuwa amepiga magoti, anapuliza, aliposikia miguu uani.

Walikuwa wanaume wa kijiji, kumi au zaidi, wengi wao watu aliokunywa nao chai. Mapenzi alikuwa mbele. Hakuwa na panga. Wengine walikuwa nayo. Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa nyumba yake mwenyewe, alisimama Masha, mwana wa kuzaliwa na Hawe Kahonzi, anatazama vidole vya miguu yake.

Nyale akatoka akasimama mlangoni. "Baba Masha," alisema. "Njoo usimame hapa na mimi."

Masha hakusogea. "Mimi nina watoto wadogo, Nyale," alisema.

"Sikuja kumpiga mtu," Mapenzi alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, imekauka, haina kelele. "Nimekuja kumwomba mama azime moto wake, atoke, aende. Akienda na mvua ikaja, tutajua."

"Na isipokuja?"

"Tutatafuta mwingine."

"Kaka, nisikilize. Nilivyosema, sikumaanisha moto wa meko. Moto wa bibi mmoja haufiki popote. Nilimaanisha moshi wa dunia nzima. Viwanda. Magari. Ndege. Nchi huko ng'ambo zimechoma miaka na miaka, na sisi ambao hatukuchoma kitu ndio tunaoumia. Ndiyo maana yake."

"Nchi gani?"

"Nyingi."

"Nipe jina la mtu."

"Si mtu mmoja, kaka."

"Ulisema ni mtu." Mapenzi alikaribia. Macho yake yalikuwa mekundu, na Nyale aliona masizi bado yamo kwenye mikunjo ya shingo. Hakuwa ameoga tangu mazishi. "Mbele ya watu ulisema. Si Mungu, ulisema, ni mikono ya watu. Sasa mwanangu yuko chini ya udongo, na wewe waniambia waliomuua wako ng'ambo, ni wengi, hawana majina, sitawaona maisha yangu yote. Nikae nifunge mikono. Ndivyo wasema? Nipe jina moja tu, Nyale. Moja. Niende nalo."

Jina lilikuwepo. Nyale alilihisi mdomoni. Ni wewe, angeweza kusema. Uliyekata mirihi yote ni wewe, tanuri zinazofuka ni zako, siku ile nilikuwa nakutazama wewe. Alitazama wale wanaume mmoja mmoja na akajua kwamba wangelisikia, kwamba mapanga yangegeuka, kwamba bibi yake angeokoka pengine kwa hilo neno moja. Na lingekuwa uongo vilevile. Tanuri za Mapenzi hazikumuua Kadzo zaidi ya meko ya Hawe Kahonzi. Aliyakaza meno, akalimeza, likashuka kama jiwe.

"Nilisema uongo," alisema.

Wanaume walitazamana.

"Nilisema uongo ili nimshinde Phineas. Binadamu hawezi kuharibu mbingu. Mvua ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu. Tangu Nuhu mbingu hufanya itakavyo. Kulikuwa na mafuriko hakuna gari hata moja. Phineas alisema kweli, mimi nikaona haya kushindwa. Binadamu ni nani? Hawezi kitu. Si hawe wangu, si mtu yeyote. Nawaambia mbele ya Mungu, nilidanganya."

Aliyasema yote, kijana ambaye hakuwahi kukubali kushindwa hata katika mchezo wa bao, aliyasema na machozi yanamtoka, akitumia kila ujuzi aliokuwa nao, akishusha sauti pale pa kushusha. Hajawahi kusema vizuri kama alivyosema siku ile. Na walimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Leo umebadilika," mmoja akasema, "kwa kuwa ni hawe wako."

"Siku ile hukuwa unamtetea mtu," Mapenzi alisema. "Siku ile ndiyo ulisema kweli."

Wakampita. Hawakumsukuma kwa nguvu. Walimsogeza kama mtu asogezavyo mlango. Mmoja alimwaga ndoo ya maji mekoni, na moshi ukafumuka mara moja, mweupe, mwingi kuliko wa siku zote, ukawafanya wote wakohoe. Wengine wakashika fito za lutsaga wakazivuta. Dari ikashuka, na mbegu zikamwagika juu ya majivu na maji, zikakanyagwa, na Hawe Kahonzi, ambaye hadi hapo hakusema neno, akasema kwa utaratibu, kama anayewaelekeza wageni, "Hizo ni za kupanda. Hizo ni za kupanda, wanangu."

Gari ndilo lililowafanya wageuke. Phineas alikuwa amelileta kinyumenyume hadi uani, ile pikapu yake ya kubebea magunia ya chakula cha kuku, na Kache alikuwa ameketi mbele. Phineas akashuka. Alikuwa anatetemeka, mtu yule aliyeogea nje Kinangop, na haikuwa kwa sababu ya baridi.

"Mnataka aende, anaenda," alisema. "Sasa hivi. Mama, panda."

Hakuna aliyemzuia. Nyale alimbeba bibi yake; alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani mtu anaweza kuwa. Alipomweka kwenye kiti alimwona Mapenzi amechuchumaa katikati ya jiko lililobomolewa, viganja viwili juu ya majivu yaliyolowa, anatafuta kama bado kuna pahali penye moto.

* * *

Chumba cha Kahaso huko Muyeye kilikuwa kimoja, katika nyumba ya vyumba vingi vinavyotazamana, na kitanda kilichukua nusu yake. Kahaso alipikia gesi. Mtungi mdogo ulisimama pembeni ya mlango, na moto wake wa buluu haukuwa na harufu wala moshi. Hawe Kahonzi aliukodolea macho kila mara ulipowashwa. Nje, majirani waligombana, redio tatu ziliimba nyimbo tatu, na jioni upepo wa bahari ulileta ubaridi mbichi ambao blanketi hazikuuzuia.

Nyale alilala kwa rafiki kule Shella na kuja kila siku. Hakufungua tena meza ya simu. Watu wa nyumba ile walipokaa barazani wakilalamikia baridi, wakaanza kubishana kama ni Mungu au ni watu, aliwapita kama kiziwi. Wakati mmoja kijana alimuuliza, wewe waonekana umesoma, wasemaje? Akasema hajui. Neno lile halikuwa na ladha yoyote.

Alisoma utabiri kwenye simu, peke yake. Ulisema vuli nayo itakuwa haba.

"Mvua ikinyesha, hawe," alimwambia alasiri moja, "mambo yatapoa. Watu husahau. Nitazungumza na chifu, nitazungumza na baba Masha."

Bibi alikuwa amejilaza, uso umeelekea ukutani. Tangu aje alikuwa anakula kidogo, na Kahaso alikuwa ameanza kusema kwa sauti ya chini anapotoka na Nyale nje.

"Wewe ulisoma," alisema, "hebu fikiri. Mvua ikinyesha watasema, mwaona, ameondoka na imenyesha. Isiponyesha watasema, bado anaifunga huko aliko. Nitarudi kwa njia ipi?"

Nyale aliitafuta hoja, yeye aliyekuwa hakosi hoja, akaigeuza huku na huku, upande wa mvua na upande wa ukame, na kila alikotokea alikuta pamefungwa.

"Walikuwa wakinijua wote," bibi aliendelea. "Mapenzi nilimkata kitovu mimi. Sina hasira naye. Mtu aliyefiwa na mtoto hutaka mahali pa kutua." Akavuta pumzi, na ndani ya kifua chake Nyale akausikia mluzi mwembamba aliowahi kuusikia. "Hapa huzika wapi?"

"Hawe, usiseme hivyo."

"Nauliza. Hapa Muyeye mtu akifa huzikwa wapi?"

"Kuna makaburi ya mji."

"Baina ya watu nisiowajua." Alijigeuza taratibu, akamtazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Babu yako yuko nyuma ya nyumba, mahali pangu pako ubavuni mwake, nimepafagia mwenyewe. Mtu aliye hai wanamwogopa. Maiti hawatamwogopa; maiti hafungi mvua. Nimefikiri, nimeona hiyo ndiyo njia iliyobaki. Wewe wajua kusema na watu. Utasema nao siku hiyo, wakupishe."

Nyale alitaka kumwambia kwamba hajui tena kusema na watu. Alitaka kumwambia atapona, atarudi kwa miguu yake, atapanda. Lakini alikuwa amekwisha kusema mengi katika maisha yake yaliyopendeza masikioni, na bibi alikuwa anangoja, mkono wake mkavu umelala wazi juu ya blanketi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika.

"Sema nisikie," bibi alisema.

"Nakuahidi, hawe," Nyale alisema, kwa sauti iliyosikika hadi barazani. "Ukifa, nitakurudisha Mirihini. Nitakuzika mimi mwenyewe, ubavuni mwa babu, inyeshe au isinyeshe."